Samaki wa Dani

Kawangware,
4 Februari 2025

Mama,

Habari ya huko Soweto, Kibera? Goti lako linaendeleaje? Nakuandikia kwa sababu juzi kwenye simu tulipigiana kelele mpaka majirani wakachungulia. Barua haina kelele. Jirani yangu Jackie ataileta, anapita huko kila siku akienda kazini.

Mama, Jumapili Tabby alipotoka kwako hatukufika hata nyumbani. Midomo ilifura, shingo ikatoka mabaka, kifua kikaanza kupiga filimbi. Nilikimbia naye hospitali mgongoni nikisikia akivuta pumzi kwa shida. Walimdunga sindano, wakamwekea oksijeni. Daktari akaniuliza, "Amekula nini?" 

Hii ni mara ya tatu, na mara zote tatu ametoka kwako. Krismasi nilikuambia samaki humwasha midomo, na nijuavyo hukumpa tena. Sikulaumu. Nauliza tu, alikula nini? Ana miaka sita, na baba yake, mwanao, tulimzika. Mimi na wewe hatuna mwingine.

Mwanao,
Ndinda

Soweto West, Kibera,
8 Februari 2025

Mama Tabby,

Barua nimepata. Goti linauma lakini linatembea. Mwambie Tabby mimi Dani, nyanya yake, namwombea.

Alikula ugali na sukuma wiki, basi. Na kama unashuku samaki wangu, sema wazi. Nimekaanga mgongo wazi hapa mlangoni miaka ishirini na miwili. Hiyo mifupa ya samaki mbuta iliyotolewa minofu ndiyo ilimsomesha mume wako mpaka akamaliza fomu foo. Kwetu hakuna mtu amewahi kukataliwa na samaki! Labda ni vumbi la huko Kawangware, ama hayo mafuta unayompaka. Mlete Jumapili nimwone, roho yangu itulie.

Nawapenda nyote wawili, hata nikiwa nimekasirika.

Mama yako,
Sella

Kawangware,
1 Machi 2025

Mama,

Salamu nyingi. Najua uliumia niliposita kumleta. Nilikuwa nangoja siku ya vipimo.

Hospitali walisema Tabby apimwe mzio, hii watu wanaita aleji. Siku kadhaa kabla sikutakiwa kumpa dawa ya kuzuia kuwashwa, isije ikaficha majibu. Jana tukaenda. Sista alimwandika namba mkononi kwa kalamu, akaweka matone: la maziwa, la yai, la njugu, la samaki, la vumbi, la mende, la paka. Kila tone akalidonoa kwa kijisindano. Tabby hakulia. Aliuliza tu, "Sista, hii ni hesabu?" Kisha tukangoja dakika kumi na tano.

Maziwa, hakuna kitu. Yai na njugu, hakuna. Sehemu ya samaki ikavimba, Mama, ikapita shilingi ishirini kwa ukubwa. Ya vumbi na ya mende zilivimba kidogo. Daktari anasema hizo mbili ndizo zinampigisha chafya kila asubuhi, lakini samaki anaweza kumuua. Hata moshi wa samaki wakikaangwa unaweza kumfunga kifua.

Sasa godoro naanika juani, mashuka nafua kwa maji moto, mashimo ya mende nimeziba. Hayo nayaweza. Ya mlangoni kwako siyawezi. Siwezi kukuambia uache kazi, na siwezi kumleta. Niambie tufanyeje.

Mwanao,
Ndinda

Kawangware,
9 Aprili 2025

Mama,

Wiki tano zimepita na hujajibu. Simu hushiki. Jackie anasema uko mzima, ila akikuuliza kama kuna barua unainamia karai lako la kukaangia.

Shuleni walichora familia. Tabby alikuchora mkubwa kuliko nyumba. Mwalimu alipomuuliza ni nani, akasema, "Ni Dani. Haji siku hizi kwa sababu mimi ni mgonjwa."

Anadhani ni kosa lake. Tafadhali, Mama.

Mwanao,
Ndinda

Soweto West,
14 Aprili 2025

Ndinda,

Leo sianzi na salamu. Nikianza na salamu nitapata nafasi ya kudanganya tena.

Ilikuwa supu. Nilimmwagia supu ya samaki kwenye ugali. Hata zile mara mbili za kwanza ilikuwa hivyo. Uliponiambia ile Krismasi, nilisema moyoni, huyu msichana wa Kitui anataka kunitolea mtoto kwetu. Nikaona nimzoeshe polepole. Tabby aliniambia, "Dani, ulimi unaniwasha." Nikamjibu, "Kunywa maji, utazoea."

Nilipokuandikia habari ya sukuma wiki nilikuwa tayari naogopa. Barua ya vipimo ilipofika nilikaa chini na samaki wakaungua. Nimemzika baba yake, na karibu nimzike yeye kwa mkono wangu mwenyewe.

Usiponijibu nitaelewa.

Sella

Kawangware,
16 Aprili 2025

Mama,

Bado wewe ni Mama, usiache kuandika hivyo.

Barua yako niliikunjakunja nikaitupa, kisha nikaiokota. Nimekasirika, na bado nitakasirika siku nyingine. Lakini hata mimi nilimlaza mwaka mzima kwenye godoro la vumbi nikimgombeza aache kupiga chafya za makusudi. Hatukujua. Ila wewe ulipojua, ulinificha. Usinifiche tena kitu cha huyu mtoto. Hilo tu ndilo naomba.

Tabby nimemwambia ni samaki wamemkataa, si Dani.

Jumapili ni Pasaka, uje. Koga vizuri, vaa nguo ambayo haijakaa jikoni, na usibebe chakula.

Mwanao,
Ndinda

Soweto West,
21 Aprili 2025

Mwanangu Ndinda,

Nimefika salama. Goti limevimba lakini halinung'uniki.

Jana sikukueleza yote. Ijumaa na Jumamosi sikukaanga. Nilisugua kucha kwa ndimu mpaka zikauma. Gauni la dera nilinunua jipya, nikaliacha kwa Jackie lisiingie kwangu kabisa. Na bado nilipofika mlangoni kwenu nilisimama nje. Tabby alipokuja mbio uliniona nikimzuia kwa mkono. Akasimama, akauliza, "Dani, hunitaki?" Nikasema, "Nakuogopea, mama." Akaja polepole, akaninusa mkono, akaninusa shingo, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. "Unanuka sabuni tu," akasema, akanipanda mapajani. Ulipodhani nasinzia pale kitini, nilikuwa nasikiliza kifua chake.

Kukaanga sitaacha, ndiyo kazi yangu. Lakini nimepata nafasi ya kibanda kando ya barabara, karai litahamia huko. Nyumba nitaisugua, na siku daktari akisema sawa, Tabby atakuja. Asiposema, nitakuwa nakuja mimi.

Jambo la mwisho, na usikasirike. Ulipotoka kuchukua maji nilimpa peremende moja bila kukuuliza. Jumamosi nilikuwa nimesoma karatasi yote ya hiyo peremende kwa miwani ya kuazima, hadi yale maandishi madogo kama sisimizi. Samaki hamna.

Nimekuambia.

Mama yako,
Sella