Mkaguzi Alipoulizia Cherehani

Kisian, Kisumu
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Gordon,

Pokea salamu zetu. Mgongo umepoa? Elsie na watoto wanaivumilia baridi ya Nakuru? Sisi ni wazima, na mahindi yamebeba vizuri.

Nasikia kesi yako ya kufilisika itakaguliwa na usingizi umekutoroka. Hata mimi nilipopigiwa simu kuhusu kesi yangu niliona kama nashtakiwa upya. Kumbe wanalinganisha tu ulichoapa mahakamani na kile ulicho nacho.

Mkaguzi aliyekuja ni mama mmoja mpole, Bi Nakhungu. Alisoma taarifa zangu za benki na za simu, akauliza ile boti ya Luanda Kotieno nilimuuzia nani na pesa zilikwenda wapi. Nisichokumbuka nilisema sikumbuki, naye hakukasirika. Kisha akaanza kuzunguka nyumba.

"Cherehani uliyoiandika kwenye orodha ya mali iko wapi?"

Niligeuka. Mahali pake palikuwa patupu! Nikaanza kuitafuta huku na huku, maana aliyeficha mali anaweza kunyimwa msamaha wa madeni.

Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Nimeificha mimi, kwa Maryanne jirani. Friza za samaki mlichukua. Hii inayomlisha mtoto wangu hamchukui!"

Gordon, tangu biashara ianguke nilidhani mama huyu ananilaumu kwa kumtia mwanawe umaskini. Kumbe ndiye aliyeibeba cherehani kichwani, na magoti yale mabovu. Nililia mbele ya mgeni.

Bi Nakhungu akamshika mkono. "Mama, mimi si wa mnada. Hicho ni kifaa cha kazi, sheria inamwachia Dorca. Lakini lazima nikione."

Tukaenda sote kuichukua. Mama alikataa kusaidiwa mpaka mwanawe Walter alipomnyang'anya.

Jana jibu lilifika: hawakuona kosa. Nimeshona sare mbili tangu asubuhi, na Mama yuko hapa anakata nyuzi, ananisema nakaza mshono mno.

Basi kusanya karatasi zako, usihamishe hata kijiko, na waeleze wa nyumbani mapema ni nani anayekuja. Wanaotupenda ndio wanaoweza kutuponza.

Wasalimie Elsie, Debra na mzee Okinyi. Mungu akutangulie siku hiyo, na ukirudi nyumbani ule ushibe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Dorca