Mashine Isiyonguruma Jumatatu

Nyumbani kwa Bi Tufool,
Ibra, Oman.
14 Novemba 2024

Mpendwa kaka Jamaldini,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji na watoto hawajambo? Mguu wa mama umeacha kuvimba? Mimi mzima, nakula, nalala, kazi inakwenda. Baridi imeanza, na Bi Tufool ameshatoa mablanketi.

Barua hii anakuletea Rehana, mwenzangu wa nyumba ya jirani, anayekuja Tanga likizo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Wiki iliyopita Bi Tufool, bibi ninayemlea hapa, alitaka kwenda Al Hamra kuitazama nyumba ya udongo ambamo wanawake huwaonyesha wageni kazi za kale. Mmoja alikuwa anasokota manyoya ya mbuzi, kijiti chake kinayumba na uzi unakatika kila mara. Nikakichukua, nikafumba macho, nikakiviringisha juu ya kioo cha meza, kisha nikamwonyesha kilipopinda. Bi Tufool akacheka.

"Wallahi mwanangu, hii ilimu umeipata wapi?"

Nikamweleza. Kiwanda cha nyuzi kilipofunguliwa, vyuma vya kusokotea uzi vilitoka Ulaya, na vikipinda mashine zinasimama miezi. Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza pale kwetu kuvikereza mwenyewe kwa mashine karakanani kwake, mamia kwa mamia, na mimi na wewe tukitoka chuoni tunaviviringisha juu ya kioo. Kilichonyooka hakina sauti. Kinachogonga kinarudi kwa baba, naye ananuna mpaka magharibi. Niliyasema yote hayo kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

"Na babaako, yuhai bado?" akauliza. Nikamrudishia yule mama kijiti chake.

Kaka, najua baba amefariki. Nimejua tangu Jumatatu ile, wiki tatu zilizopita, uliponitumia ujumbe wa sauti kwamba ni homa tu, nimwombee dua. Ulikuwa karakanani, niliusikia mlango wa bati. Saa nne asubuhi, na mashine ya kukereza haingurumi hata kidogo. Baba na homa zake alikuwa anakereza huku mama anamgombeza akalale. Siku ya kazi mashine ile haikuzimwa ila tulipomzika dada Mwanamboka. Tangu hapo nakuuliza habari za homa, nawe unanijibu inapungua.

Sikulaumu. Ndivyo tunavyofanya: aliye mbali huambiwa kuna mgonjwa, mpaka apate ruhusa ya kurudi. Hata binamu yetu Othman, alipokuwa Muscat, mimi mwenyewe nilimficha kifo cha mama yake miezi miwili. Nilidhani namhurumia. Sasa naona tulimwacha peke yake.

Sijalia. Nimepiga pasi, nimechagua mchele, nimempa Bi Tufool dawa zake kwa saa. Moyo umekufa ganzi, na hilo linanitisha kuliko msiba wenyewe. Niambie alifariki siku gani, nani alimwosha, na kama mmemlaza karibu na Mwanamboka. Bila hayo sina pa kuanzia kulia.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Othman mwambie namwomba radhi. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu, nanyi awape subira.

Mama usimwambie kwamba nilijua hivi. Mwambie ulinipa habari wewe mwenyewe, taratibu, na kwamba nililia sana.

Mdogo wako akupendaye,
Maulida