Uji wa Mzazi

Mpenzi Nekesa,

Salamu kutoka hapa mtaani Jericho. Babu yako anakohoa kidogo, lakini bado anabishana na redio. Nashukuru kwamba uliamua kuniandikia mimi.

Umeniuliza, ukubali tena matibabu ya kupata mtoto au uache, baada ya mimba tatu kutoka zikiwa changa. Nami zilinitoka mbili, nikiwa karani mwoga katika korti za Makadara. Ya pili ilipotoka, niliandika "malaria" kwenye fomu ya ruhusa, nikaanika mashuka ndani ya nyumba ili majirani wasijue.

Mama Achieng' wa mlango wa pili akajua. Alikuja na chupa ya uji wa wimbi, ule ambao wanawake wa mtaa humpelekea aliyejifungua.

"Umekosea nyumba," nikamwambia. "Hapa hakuna mtoto."

"Sijamletea mtoto, nimemletea mzazi. Kunywa, karani, kabla haujapoa."

Nikalia. Nikamwambia naogopa kujaribu tena, na mama mkwe anangoja jibu.

"Basi angoje. Hii si kesi, haina tarehe."

Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Nikapumzika mpaka nilipotaka mwenyewe. Mama yako alikuja baadaye. Sisemi alikuja kwa sababu hiyo.

Ukikubali matibabu, nitashukuru. Ukisema basi, nitashukuru vilevile. Wakiniuliza kanisani nina vitukuu wangapi, mimi husema watatu.

Nyanya yako,
Rispa