Kigoda Mlangoni

Jumatatu, 1 Septemba

Na mikono yake je? Jana nikimwandika Mukasa hapa, usingizi ulinichukua kabla sijafika kwenye mikono. Mirefu, safi, haitetemeki hata chembe. Mukasa ni fundi wa simu. Ana kibanda Kyambogo na wanafunzi wanamletea vioo vilivyopasuka mithili ya vigae. Skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, naye anaishika kama anayempangusa mtoto uso. Mume wangu! Miezi miwili sasa, na bado nalitamka neno hilo peke yangu nikifua.

Leo tena baada ya kula: "Webale kufumba." Asante kwa kupika. Kampala watu wanashukuriana kwa kila kitu. Jirani akinikuta nafagia, ananishukuru kwa kufagia, na uwanja si wake. Kwetu Nakuru ukifagia, umefagia.

Mama amepiga simu. Anakuja Jumamosi. Sikai nikatulia. Vikombe nimevipanga mara tatu.

Jumanne, 2 Septemba

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Mama hajatupa baraka zake. Tulipofunga ndoa alikuwa kitandani, mguu umetoka kupasuliwa, mjomba ndiye aliyesimama badala yake. "Sibariki nyumba nisiyoiona," alisema. "Na huyo mtu nitamtazama machoni."

Kwa simu wamependana tayari. Kila Jumapili wanacheka mpaka naona wivu. Anamwita "fundi wangu". Lakini simu ni simu.

Nimefua mapazia. Yalikuwa safi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekasirika. Mara ya kwanza tangu ndoa.

Nilikuwa namenya matoke. Mukasa akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba amezungumza na Mama Furaha, jirani yetu wa kutoka Bukavu anayeuza vitenge. Mama atalala kwake. Nikaacha kumenya. Mama yangu? Asafiri usiku kucha ndani ya basi aje kulala kwa watu?

Akanieleza taratibu. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hawashikani mikono. Hawaketi karibu wala kutazamana machoni. Akimgusa, wazee wanasema, mikono itamtetemeka hadi kaburini. Ni heshima, akasema, hakuna iliyo kubwa kuliko hiyo. "Mwambie mapema, mpenzi."

Nikasema nitamwambia.

Nimempigia Mama. Nikamwambia sebule yetu inavuja, atalala kwa jirani. "Nitalala na ndoo," akajibu. Mengine sikuyasema. Niliona haya. Ningeanzaje?

Ijumaa, 5 Septemba

Mvua. Adhana ya Kibuli imefika hapa Kisugu ikiwa imelowa. Nimetoka, nimerudi, nimetoka. Mama Furaha kanishika mkono sokoni: "Dada, ambia mama leo. Kama hauambie, kesho itakuwa sinema pale mulangoni."

Sikumwambia. Najipa moyo kwamba Mukasa akimwona atayeyuka. Nani asiyeyeyuka kwa mama yangu?

Siku mbili tu na nimeshakuwa mwongo.

Jumamosi, 6 Septemba

Sinema.

Nilimpokea Mama kwenye basi. Amekonda, anachechemea, lakini kajipaka poda. Mukasa alitusubiri mlangoni, kanzu nyeupe na koti. Mzuri! Hata katika balaa hili naandika kwamba alikuwa mzuri.

Mama akamwona. "Fundi wangu!" Akaangusha mkoba, akafungua mikono yote miwili, akamwendea mbio na mguu wake ule.

Mukasa akarudi nyuma. Hatua moja, mbili, tatu. Ya nne akajikwaa akaketi ndani ya beseni langu la nguo, povu mpaka kifuani, mikono juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Akainamisha kichwa. "Karibu sana, mama," akasema, humohumo ndani ya beseni.

Mikono ya Mama ikabaki hewani. Sitaisahau mikono ile.

"Nina ukoma?" akauliza. Hakumwuliza yeye. Aliniuliza mimi.

Nikajiumauma. Mama akaokota mkoba wake, akauliza kwa Mama Furaha ni wapi, akaenda. Kesho anatafuta basi la kurudi.

Mukasa aliniuliza neno moja tu. "Hukumwambia?" Angenipigia kelele ningepata nafuu. Alienda akafua kanzu yake mwenyewe. Nimelia mpaka pua imeziba.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeamka kabla ya jogoo, nikavuka uwanja, nikamkuta Mama amekaa na mkoba mapajani. Nikapiga magoti nikasema yote. Paa pia.

Akauweka mkoba sakafuni. Halafu: "Neema, ulinificha mimi kwa mume wako, au ulimficha mume wako kwangu?"

Nikashika pindo la gauni lake.

"Uliona aibu. Aibu ya nani?"

Swali hilo nimeliandika hapa ili nilitafutie jibu.

Kisha akauliza, "Mikono hiyo ndiyo anayofanyia kazi?" Ndiyo, Mama. "Ile ya skrubu?" Ndiyo. "Nami nikaivamia kama golikipa!" Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaushika mguu. Mama Furaha akaja na chai, akaambiwa, akacheka naye. Mimi peke yangu nilibaki nikilia, wakanicheka na mimi.

Hakuenda kwenye basi.

Baada ya kanisa mvua ikashuka. Mama aliketi sebuleni nyuma ya pazia la mlango. Mukasa barazani, ameupa mlango mgongo. Mimi nikaweka kigoda kwenye kizingiti, katikati yao. Mama akaweka simu yake hapo juu, ile inayokoroma ukiongea. Mukasa akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akaichukua, akaifungua, akaisafisha, akairudisha kigodani. Haikoromi tena.

Mama akaweka sweta. Alilifuma kitandani, mguu ukiwa juu ya mito. Mukasa akalivaa.

"Fundi, geuka nione linavyokukaa."

"Siwezi, mama."

"Basi tembea. Nione mgongo."

Akatembea barazani kama bibi harusi, kwenda na kurudi. Mama akicheka nyuma ya pazia, "Polepole, usije ukaketi kwenye beseni!"

Halafu akaninong'oneza: "Hapa wanasemaje kushukuru?" Nikamfundisha. Akaita kwa sauti: "Webale, fundi!"

Nilimwona Mukasa akijifuta uso kwa mkono wa sweta jipya.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nilimkumbusha Mama kwamba alitaka kumtazama Mukasa machoni. Akasema, "Nimeona mgongo, unatosha. Wapo walionikumbatia vizuri sana, Neema, wakanisahau kabla sijafika kwangu. Huyu ameanguka kwenye maji ya sabuni kwa heshima yangu. Nyumba nimeiona."

Akanipaka povu kwenye paji la uso kwa kidole. Ndiyo baraka niliyopewa. Sitaki nyingine.

Jumatano, 10 Septemba

Mama aliondoka juzi. Mukasa alisimama ng'ambo ya barabara na sweta lake, jua kali, jasho linamtiririka. Basi lilipoanza kwenda aliinua mikono yote miwili. Mama dirishani akainua yake, vilevile kama Jumamosi, ikabaki hewani mpaka basi likapinda.

Nyumba kimya. Sijavipanga vikombe tangu hapo. Mukasa amekula, ameshukuru, sasa anatafuta skrubu iliyoanguka mkekani.

Mama amepiga. Mguu unauma kidogo tu. Amekwisha zungumza na jirani yake, ana chumba, kitanda cha fundi kimetandikwa. Na amenunua kigoda.

Nimemwambia kabla mwezi huu haujaisha tutakuja.