Protini za Kisahani na Ini la Mjomba

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Pili,
Bweni la Wafanyakazi wa Maabara.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta karakanani, randa mkononi na mzaha mdomoni. Je, miguu bado inavimba? Chakula kinapita? Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia.

Mama ameniambia kwamba umeziweka kando dawa zako za homa ya ini. Eti sasa unameza vidonge vya vitamini, sita kwa siku, na kila anayekuuliza unamjibu, "Mpwa wangu wa maabara ndiye kasema." Mjomba, nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Ulimi hauna mfupa, na ulioteleza ni wangu.

Ni kweli nilijigamba. Tunakuza seli za ini la binadamu kwenye visahani vya plastiki, tunazilisha maji yenye sukari, chumvi na vitamini, kisha tunapima zimetengeneza protini kiasi gani. Siku ile niliongeza vitamini, protini zikapanda, nikakupigia simu kukwambia vitamini ni nzuri kwa ini, hata kabla ya kunawa mikono.

Yaliyofuata sikukuambia. Mkuu wangu, tunayemwita Mama Mizani kwa kuwa hupima kila kitu mara mbili, alitazama karatasi zangu akauliza, "Zimepanda zipi?" Tulipozichambua moja moja, nyingine zilikuwa zimeshuka, na kati ya zilizopanda zilikuwamo zile ambazo seli huzitengeneza inapoelemewa. "Nyingi ni nyingi tu," akasema. "Nani kakwambia ni nzuri?"

Tena, yale maji tunayoyaita chakula cha kawaida yana baadhi ya vitamini kupita kiasi kilichomo kwenye damu ya mtu. Kumbe seli nilizodhani zina njaa zilikuwa zimevimbiwa, nami nikazidi kuzishindilia! Tumeanza upya kwa kiasi kile kile cha vitamini kilichomo kwenye damu, na jibu bado silijui.

Hata nikilijua, kisahani si mtu, wala hakina virusi ulivyo navyo wewe. Dawa zako ndizo zinazovizuia. Vitamini haziwezi kazi hiyo, na nyingine zikizidi huliumiza ini lenyewe.

Nakuomba, barua hii ikikufika tu, nenda kliniki. Mwambie daktari kila ulichomeza, usione haya, aibu hii ni yangu. Na mafundi wenzako wakikuuliza, waambie mpwa wako alikurupuka.

Nisalimie mkaza mjomba, binamu zangu wote, na Bibi umwambie namkumbuka kila siku. Mungu akurudishie nguvu na akupe miaka mingi ya kunitania.

Seli zangu zikifa, nafungua jokofu, natoa nyingine, naanza tena Jumatatu. Mjomba ninaye mmoja.

Wako akupendaye,
Mpwa wako, yule uliyemwita Profesa mapema mno.