Marufuku Kumtania Philbert

Alhamisi, 3 Juni 1976

Mimi Marcelino Gama, Mngoni wa upande wa Peramiho. Umri wangu miaka sabini na tatu, au inazidi — vita vya Majimaji nakumbuka moshi na mama kunibeba mgongoni, basi. Mjerumani kaja kaondoka, nipo. Mwingereza kaja kaondoka, nipo. Nzige, homa ile iliyofagia vijiji, wake zangu wawili, mameneja wa karakana hii ya mbao sijui wangapi — wote wamepita. Misumeno ya hapa Iringa nainoa mimi tangu ule wakati gogo linapasuliwa na watu wawili, mmoja juu, mmoja shimoni. Wamenistaafisha, wakaona meno ya msumeno yanatafuna mbao kama bibi kizee. Wakaniita tena! Kusoma nimejifunzia uzeeni, darasa la watu wazima, na vijana niliwaacha nyuma. Sasa naandika. Nani atanikataza?

Leo Philbert amerudi.

Philbert ni Mhehe, fundi wa mashine kubwa ya kupasulia magogo. Mtani wangu. Mwaka jana alianza kunyamaza. Chakula hapana, usingizi hapana. Siku moja akazima mashine, akakaa katikati ya magogo, akalia mpaka kifua cha ovaroli kikalowa. Wakampeleka Dodoma, hospitali ya akili. Leo kaja getini na mkewe Severina. Amekonda. "Kamwene," kanisalimia kwa Kihehe, sauti ndogo kama ya mgeni. Mimi nimeshavuta pumzi nimuulize kama mbwa wa Dodoma amewala wote ndiyo maana karudi — Meneja Eliezeri akanishika mkono. Ngoja kwanza, mzee. Kuna kanuni.

Kanuni!

Jumatatu, 7 Juni

Mkutano. Makao makuu ya Mbeya wametuletea afisa wa ustawi wa wafanyakazi. Juliana jina lake, binti wa Kinyakyusa, viatu vina udongo maana basi lilikwama Makambako akashuka kusukuma na wanaume. Hapo nikampenda kidogo. Kidogo tu.

Kasoma kanuni. Mtu akiugua akili, kazi yake inamngoja. Vizuri! Nilipiga makofi wa kwanza. Akirudi asiitwe kichaa. Vizuri. Akirudi asishike mashine ya hatari mpaka daktari aseme. Hapo nikasimama. Nikasema Philbert ni fundi, ukimpa ufagio umemtukana. Juliana akaniambia, Babu, dawa anazomeza zinaleta usingizi, na msumeno hauna huruma na mtu anayesinzia. Nikakaa. Si kwamba nilishindwa. Magoti yaliuma.

Halafu kipengele cha nne. Ni marufuku kumtania, kumcheka au kumfanyia mzaha mfanyakazi aliyetoka matibabu. Atakayevunja atapewa onyo, akirudia, kazi basi.

Nikasimama tena!

Nikamweleza. Sisi na Wahehe, babu zetu walichinjana. Vita ilipokwisha wakaona heri matusi kuliko mikuki. Ndiyo utani huo. Namtukana Mhehe, hakasiriki. Ananitukana, sikasiriki. Baba yake Philbert alipokufa mimi niliingia kaburini nikalala, nikasema hazikwi mtu hapa mpaka nipewe jogoo. Nikapewa! Na Philbert akacheka, machozi yanamtoka, akacheka.

"Babu," kasema Juliana, "watu wanamcheka mgonjwa mpaka anatoroka kazi. Nimeyaona mwenyewe Mbeya. Siandiki kwa kucheza."

Meneja kasema jaribio ni la mwezi huu. Mwanzo wa Julai tunakwenda makao makuu, wataamua mawili. Kanuni iende matawi yote au la. Na Philbert abaki kazini au astaafishwe kwa sababu ya afya. Akistaafishwa, nyumba ya shirika anaiacha. Watoto wanne na Severina.

Jumatano, 16 Juni

Baridi. Mafuta ya mashine yameganda kama samli.

Nimeangalia sana. Philbert anafagia unga wa mbao, anapanga mabanzi. Watu wanampisha kama askofu. "Habari za asubuhi, ndugu Philbert." Basi. Hakuna la pili. Akiingia kantini mazungumzo yanakatika kama uzi. Benchi zima lake peke yake! Kila mtu anaogopa neno lake lisije likaitwa mzaha. Kuna mmoja kamwamkia shikamoo, na umri wao ni mmoja.

Sisi hata maiti tunaitania. Philbert wamemweka chini ya maiti.

Leo Meneja kaniambia anachopeleka Mbeya: mgonjwa hachanganyiki na wenzake. Nikamwambia, Eliezeri, umefunga mlango halafu unaandika mtu haingii? Kasema mimi nafuata kanuni, mzee. Mlutheri huyu, mtu mwema, lakini kanuni kwake ni kama amri za Musa.

Ijumaa, 18 Juni

Nimevunja!

Saa ya chai. Kantini imejaa. Philbert kwenye benchi lake la upweke. Nimekwenda na sahani yangu, nimekaa karibu mpaka mabega yamegusana, nikamchukulia muhogo kwenye sahani yake. Nikautafuna. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mhehe! Huko Dodoma nasikia usiku hakuna mbwa anayebweka tena. Umewafanya nini?"

Kimya! Jiko linasikika. Meneja kasimama mlangoni na kikombe.

Philbert kaniangalia. Mimi nikawaza — Marcelino, umeua mtu.

Kisha mdomo wake ukacheza upande mmoja. "Mngoni," kasema, "kule wodini panya walikuwa wanene, wanatembea kama wana mshahara. Nikasema laiti mtani wangu angekuwa hapa, angepona njaa."

Kantini ililipuka! Mpishi kaangusha mwiko. Philbert kachukua muhogo wangu — mzima, mkubwa — kala. Kala!

Meneja kanipa onyo palepale. Moja bado nifukuzwe. Nimemwambia andika vizuri, jina langu lina herufi kubwa.

Jumamosi, 19 Juni

Mambo yameharibika.

Asubuhi karakana nzima inamtania. Hata wasio watani. Philbert anajibu, anafagia huku anacheka. Mimi natembea kifua mbele kama jogoo — kweli, niseme kweli, nilikuwa najivuna. Halafu akaja Limbu, dereva wa lori. Msukuma huyu, kwao wamehamia na ng'ombe bonde la Usangu, upande wa Igawa. Mtu wa vicheko. Kaona wote wanacheka naye akadandia utani usio wake. "Mhehe, kamba yangu ya kufungia mzigo siioni, usiwe umeichukua wewe, maana nyie na kamba..."

Utani wa zamani huo, wa barabarani, Wahehe na kamba, ati Mhehe akiudhika hujinyonga. Kila mtu anaujua. Hata mimi nimeshausema miaka hiyo.

Uso wa Philbert ulifungwa. Kaweka ufagio ukutani, taratibu, ameusimamisha vizuri. Kaenda getini. Kaondoka.

Limbu anauliza, nimesema nini? Nimesema nini jamani?

Mimi nimerudi kunoa.

Jumapili, 20 Juni

Misa ya kwanza sikuisikia hata neno. Nimekwenda nyumbani kwao. Severina kafungua mlango nusu, kanisimamisha hapo.

"Shikamoo Mzee. Umekuja kumalizia?"

Nimesema marahaba. Nimesema nimekuja kukaa. Kasema basi kaa hapo kwenye jiwe. Nikakaa. Upepo wa Iringa wa mwezi wa sita, mpaka mifupa. Sikuondoka! Mimi kuondoshwa si rahisi. Mwisho kaleta chai, hasira bado mkononi, imemwagika kwenye kisahani. Kaniambia kwa sauti ya chini. Kabla ya Dodoma, alimkuta mumewe stoo na kamba. Alimnyang'anya. Hakumwambia mtu. Si Meneja, si padre.

Philbert katoka, kakaa chini karibu na jiwe langu. Halafu kasema, Mtani, mbwa sawa. Mbwa hata wa kijiji kizima, nipe. Nilikuwa nafagia pale siku zile watu wamenyamaza, nikajiona sipo. Uliponilia muhogo nikajiona nipo. Lakini kamba hapana. Kamba si utani kwangu, kamba ni kitu nilichokiona.

Nikasema kwa nini hukusema mapema?

"Nani aliniuliza?" kasema. "Mbeya wameandika kanuni yangu. Meneja ameisoma. Wewe umeivunja. Mimi mmeniuliza lini?"

Mimi, Marcelino, nilikosa jibu. Nimeandika tarehe maana haitatokea tena.

Alhamisi, 24 Juni

Limbu alisafiri usiku huohuo wa Jumapili na mzigo wa Mbeya, kurudi kapitia kwao Igawa, kaleta kibuyu cha maziwa ya mgando. Kampelekea Philbert mwenyewe, kofia mkononi. Kasema sikujua, kaka. Philbert kasema najua hukujua. Kisha wakanywa. Philbert kasema Msukuma bila ng'ombe ni dereva tu, na Limbu kaanza kujibu, kasita, kauliza — hili naruhusiwa kujibu? Wakacheka wote wawili.

Philbert karudi kazini. Ufagio palepale ukutani, hakuna aliyeugusa.

Juliana kaja na basi la mchana. Meneja alimpigia simu, nilifikiri kuja kunifukuza. Nimemwambia yote, na Philbert mwenyewe kaketi hapo. Binti hakubisha. Kakata kipengele cha nne kwa kalamu, halafu kasimama na kalamu hewani. "Nikikifuta chote," kasema, "huko matawi mengine atatokea wa kamba, na hakuna jiwe la Babu la kukaa." Kweli. Nilitaka kubisha nikaona ni kweli.

Philbert ndiye aliyesema. Mtu akirudi, aulizwe mwenyewe. Aulizwe na mtu anayemwamini, si kwenye mkutano. Lipi sawa, lipi hapana. La hapana litangazwe bila kutaja sababu. Mengine, watu wamtanie kama zamani.

Juliana kaandika. Na la mashine likabaki kama lilivyokuwa, Philbert mwenyewe kakubali, mikono bado ina usingizi. Wazo hili zima, nisisahau kuandika, lilianza na mimi, kwa sababu ni mimi niliyekula muhogo.

Meneja kasema ataipeleka hivyo. Ila onyo langu halifutiki. Sawa. Nitalitundika ukutani.

Alhamisi, 1 Julai

Mbeya. Tumekuja na lori la Limbu, mimi na Philbert na Meneja, mbao nyuma. Mlima umevaa wingu. Nilikuwa nimeahidi kuzungumza mbele ya wakubwa, nimejipanga tangu Igawa, maneno mazito. Wamesema wajumbe wametosha, mzee asubiri nje! Mimi! Nimekaa benchi barazani na Limbu, naandikia gotini.

Ukuta wa ofisi hii ni mbao zetu za Iringa. Nazijua. Zilikaushwa haraka haraka, zina nyufa. Nasikia.

Juliana kasoma. Mmoja wa ndani, sauti ya kikohozi, kauliza, je, mtu aliyekuwa na akili mbovu anaweza kujua kinachomfaa? Juliana kasema yupo hapa, ndugu mwenyekiti. Tumuulize.

Nimeshika ubao wa benchi. Limbu kaacha kutafuna.

Halafu sauti ya Philbert. Haikuwa kubwa. Kasema nataka kurudi mashineni, lakini si leo, dawa zikipungua. Nataka nyumba yangu. Nataka watu wanitukane kwa kupimia. Mwenyekiti kasema kwa kupimia vipi, ndugu? Philbert kasema, "Huko nje kwenye ufa kuna Mngoni ametega sikio. Msimpe kiti. Msimpe chai. Mkimpa panya mmoja ataziba mdomo, tutamaliza kikao mapema."

Wamecheka! Mwenye kikohozi kacheka mpaka kikohozi kikamshika, wakamgonga mgongo. Karani wa mashine ya chapa hapa barazani kaacha kupiga.

Sasa wameshusha sauti. Sisikii tena. Viti vinasogea. Hawajasema ndiyo, hawajasema hapana. Juliana katoka kuchukua maji, kanipita, hakuniangalia, lakini kanigusa bega.

Nimeandika kama ilivyo. Asiyeamini amuulize Limbu, yuko hapa pembeni yangu. Amuulize karani, alisikia kicheko. Amuulize Severina kuhusu jiwe. Na Philbert aulizwe, yeye kuliko wote — ila yeye atasema huyu Mngoni ni mwongo, hajawahi hata kufika Mbeya.