Mlango Uliopakwa Rangi Mara Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, umgawie wifi nusu yake, na watoto uwafinye mashavu kwa niaba ya shangazi yao. Natumaini mnaendelea vizuri na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Sisi hapa nyumbani tu wazima. Bega langu limepona, isipokuwa asubuhi ninapoinua mkono kufungua dirisha; hapo linanikumbusha kwamba bado halijanisamehe. Baba hajambo. Anakula, anabishana na redio, na bado anasema chai yangu ni maji yaliyosikia tu habari za majani.

Barua yako niliipata juzi. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Unasema uvumilivu umekuishia: miezi minne gari liko gereji, na mwisho wa mwezi huu utamwandikia mkurugenzi wa kampuni ya bima umweleze kuwa fundi wao ni mbabaishaji, wamfute kwenye orodha yao. Kaka, nakuomba barua hiyo usiitume. Kama umekwisha kuiandika, iweke kwenye droo. Huyu mtu anaishi kwa magari ya bima, hana kazi nyingine, na wakimfuta leo kesho anafunga gereji. Isome hii yangu kwanza mpaka mwisho, hata nikikuudhi katikati.

Wewe unamjua fundi kwa hasira tu, kwa hiyo acha nikueleze ni mtu wa namna gani. Ni mkubwa kwako kidogo, mwembamba, ovaroli yake imefuliwa mpaka haijulikani ilizaliwa na rangi gani. Wenzake wanamwita Milimita, kwa sababu hana neno jingine mdomoni. Gari lilipofikishwa kwake likivutwa, ubavu wote wa upande wa abiria ulikuwa umeingia ndani, mlango wa mbele umekunjamana, nguzo iliyo kati ya milango imelala, na paa limenyanyuka juu. Mafundi wawili waliopita walitikisa vichwa wakasema hilo ni la kuuza vipuri. Yeye alilizunguka kimya, akaligonga kwa kucha huku ameinamisha sikio, akasema litasimama. Alilifunga minyororo akalivuta siku tatu, kidogo kidogo, maana bati likivutwa kwa pupa linachanika. Kila akivuta alikuwa anapima kwa futi kamba kutoka kona hii hadi ile, na akinikuta nimesimama ananiambia zimebaki milimita ngapi, kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma kuzihesabu.

Mkaguzi wa bima alikuja mara mbili akaikubali kazi ya bodi. Kilichobaki ni rangi ya mlango mmoja. Na hapa ndipo utaratibu wao unapobana: gari halitoki, wala fundi hapati haki yake, mpaka mwenye gari aandike sahihi kwenye fomu ya kuridhika. Gari ulimnunulia Baba, lakini uliliandikisha kwa jina langu. Kwa hiyo mwenye gari ni mimi.

Mara ya kwanza aliniita mchana, jua likiwa utosini, akalisukuma gari nje ya kibanda ili nione vizuri. Unajua mimi na rangi. Mtu hashoni miaka kumi na mbili bila kuzijua. Nilitoa kwenye mkoba nyuzi zangu za buluu, aina tano, nikaziegemeza moja moja kwenye mlango, kisha kwenye bodi. Nikamwambia mlango umezidi weusi. Alishangaa, lakini hakubisha. Akaukwangua wote kwa msasa, akaupaka upya. Wiki tatu baadaye nikarudi na nyuzi zangu, nikasema safari hii unavuta kijani. Akauvua kabisa kwenye bawaba, akaubeba juani, akarudi nao kivulini, akauangalia akiwa amefumba jicho moja. Akaukwangua tena.

Mara ya tatu nilimkuta amekaa juu ya debe tupu, mkononi ana karatasi. Aliniambia kwa upole kwamba tangu nianze kulalamika halali vizuri. Amepaka magari tangu ujana wake na hajawahi kurudishiwa mlango, sembuse mara mbili. Akaanza kuogopa kwamba macho yake yanamwacha, akaenda hospitali kupimwa. Ile karatasi ilikuwa majibu: macho mazima, yote mawili. Alinipa niisome, kaka, kama mtoto anayeonyesha ripoti ya shule. Kisha akaniomba nimwambie nionavyo mlango sasa, na akaongeza kwamba hatakasirika. Nikasema sijui, nitafikiri. Nikaondoka haraka kabla hajaniona uso.

Huku nyumbani nako hakukaliki. Baba anaamka, anavaa shati la kola, anaweka ufunguo wa akiba kwenye mfuko wa kifuani, anakaa barazani. Akipita jirani anamwambia gari linatoka wiki hii. Ananihubiria kuhusu udereva mpaka nimehifadhi: kuangalia mbali, kutoshtuka, mikono kutulia kwenye usukani. Watu mtaani bado wanamwita Dereva, na anaitikia jina hilo kwa kifua. Miaka thelathini na moja ya malori ya shirika bila mkwaruzo, halafu gari linakuja kuharibiwa na binti yake! Hayo huyasema akicheka, mbele za watu, nami hucheka. Nimekuwa hodari wa kucheka.

Kaka, mlango ule ulikuwa sawa tangu mara ya kwanza. Uzi uliofanana na bodi ndio uliofanana na mlango, huo huo mmoja, sikuona tofauti hata ya unywele. Mimi ndiye niliyekataa kuandika sahihi, tena makusudi, na yule mtu amejitilia shaka mikono yake na macho yake kwa ajili ya uongo wangu. Siku nitakayosaini, gari litarudi nyumbani. Likirudi, Baba ataliendesha.

Sasa nikwambie lililo zito zaidi. Nilikuandikia kwamba nilikuwa naendesha mimi, mbwa akakatiza, nikamkwepa nikagonga nguzo ya lango la shule. Hakukuwa na mbwa. Na usukani haukuwa wangu. Aliyeendesha ni Baba, na leseni yake ilikuwa imekwisha tangu mwaka jana. Hakwenda kuihuisha kwa sababu ya kipimo cha macho, ingawa hilo sikulijua mpaka siku hiyo. Tulikuwa tunatoka kununua vitambaa, saa nne asubuhi, barabara inang'aa kwa jua. Kwenye kivuko kilicho mbele ya shule palikuwa na mwanamke, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amemshika mkono. Walikuwa wamekwisha kufika katikati. Nikangoja Baba akanyage breki. Hakukanyaga. Nikamwita. Akaniuliza kuna nini, na gari linakwenda vile vile. Nikaukamata usukani kwa mikono miwili nikauvutia kwangu, tukaingia kwenye nguzo kwa upande niliokaa mimi.

Tuliposimama, yule mwanamke alikuwa pale pale ametukodolea macho. Kisha akamvuta mwanawe akaondoka, karibu anakimbia. Nilimwuliza Baba kama amemwona. Baba akaniuliza, nani?

Mpaka leo anajua jambo moja tu: kwamba binti yake alipagawa akamnyang'anya usukani barabara ikiwa tupu. Askari alipofika nilisema dereva ni mimi, maana kwa leseni iliyokufa bima wasingegusa hata bampa, na Baba angepandishwa kizimbani. Yeye akanyamaza. Kwake ilikuwa haki, aliyeharibu ndiye aseme kaharibu. Jioni ile, bega langu limefungwa, alikuja kukaa pembeni ya kitanda akanipapasa kichwa akaniambia, mama, usijali, nimekusamehe, na kaka yako hatajua kwamba ulininyang'anya usukani. Nimesamehewa, kaka. Ninakula naye, ninamfulia shati la kola.

Hata mkaguzi wa bima sijui kama nilimdanganya au alinihurumia. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akanyoosha miguu, akasema nina bahati kufikia pedali kwenye kiti kilichorudishwa nyuma namna ile. Nilicheka, naye akacheka, akaandika kitu kwenye karatasi zake. Tangu hapo mlango ukibishwa natoka jasho. Nikisema kweli leo, bima wanajitoa, mimi ni mwongo wa kwenye maandishi, na Baba anafikishwa mahakamani kueleza mbele ya watu kwamba haoni. Nikinyamaza na kusaini, ipo siku sitakuwa kwenye kiti cha pembeni. Nikiendelea kukataa, ninammaliza mtu asiyenikosea chochote. Nimegeuka huku na huku ndani ya jambo hili kwa miezi minne, na kila ninapogeukia nakuta ukuta nilioujenga mwenyewe.

Kwenye simu siwezi kukwambia haya, maana unajua simu zako tunazisikiliza wote wawili, na Baba ndiye mwenye kuishika. Ndiyo maana naandika. Jumatatu nitakwenda kusaini. Nilimwomba fundi radhi jana. Sikumweleza sababu, nilimwambia tu kwamba kosa lilikuwa la nyuzi zangu na kwamba mlango wake ni mzuri kuliko gari zima. Aliuangalia mlango, akaniangalia mimi, akauliza kama nina hakika, sauti yake ikawa ndogo. Amekubali gari likae kwake wiki moja zaidi kwa kisingizio cha rangi kukauka. Baada ya hapo sina kisingizio kingine.

Kwa hiyo nakuomba, si kuhusu fundi tena. Mwambie Baba asiendeshe, aende kwa daktari wa macho, ikibidi umwamuru. Wewe ndiye mwenye kauli kwake. Mimi nikigusa habari za macho anasema natafuta mtu wa kumtupia makosa yangu, na ukimsikiliza anavyojua yeye, ana haki ya kusema hivyo. Nimefikiria hata kuliuza gari, maana ni jina langu, lakini sina moyo wa kumwona akikaa barazani na ule ufunguo na hakuna kinachokuja.

Usidhani sikujaribu. Leo mchana nilipofika hapa katika kuandika, nilikumbuka kwamba Baba hupenda kuongeza salamu zake kwa mkono wake. Nilikuwa na karatasi safi mezani. Sikuichukua. Nilimpelekea barazani ule ukurasa wa kivuko, wa mwanamke na watoto, ulioandikwa juu mpaka chini. Nilijiambia akiusoma basi yamekwisha, nitakuwa nimesema bila kufungua mdomo. Nikamwambia, Baba, huu hapa, andika. Nikasimama mbele yake. Aliupokea, akaunyoosha kwenye paja, akaugeuzia kwenye mwanga, akaniuliza kama kalamu hii ina wino. Nikasema inao. Akaandika bila haraka, akiwa ametabasamu, akanirudishia, akauliza kama mistari yake imenyooka.

Nilimwambia imenyooka.

Kwa hiyo yale maandishi makubwa yaliyopita juu ya yangu ni ya Baba, si kwamba nimechafua karatasi. Kama yamekushinda kusoma kwa jinsi yalivyopandana, nakunakilia hapa. Anakusalimu sana, mwanawe wa kwanza, na anamsalimu mkwewe. Anasema mtakapokuja mwezi wa kumi na mbili msihangaike na teksi. Gari limekwisha kupona, atakuja uwanja wa ndege kuwapokea yeye mwenyewe, na mjukuu wake mdogo atakaa naye mbele, upande wa dirisha, amwonyeshe barabara.

Salamu zake ndizo hizo. Zangu ni barua hii yote. Safari hii usichelewe kujibu.

Ni mimi,
mdogo wako.